Mji, Kambi na Nyumba ya Masista: Asili ya Makumbusho ya Bagamoyo

Historia ya Bagamoyo imehifadhiwa katika sehemu tatu kuu: magofu ya Kaole, kambi ya misafara iitwayo Caravanserai, na makumbusho ya misheni ya Kanisa Katoliki. Hakuna hata moja iliyojengwa ili iwe makumbusho. Kaole ulikuwa mji, Caravanserai ilikuwa kituo cha wapagazi, na jengo la makumbusho ya misheni lilikuwa makazi ya masista. Kila mahali palitumika kwanza na wakazi, wasafiri au waumini, ndipo pakaja kutunzwa kwa ajili ya kumbukumbu.

Kaole, takriban kilomita 5 kusini mwa mji, ndipo mahali pakongwe zaidi. Palikuwa na makazi ya Waislamu tangu karne ya 13, na yaliyosalia ni magofu ya misikiti miwili pamoja na makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mengine yakiwa na nguzo ndefu. Baadaye mikoko iliota mbele ya mji, bandari ikafifia, na shughuli zikahamia Bagamoyo. Mwaka 1958 mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyeongoza Idara ya Mambo ya Kale ya Tanganyika, alifanya uchimbaji hapo. Vigae vya vyombo kutoka ng'ambo vilidhihirisha kwamba watu wa Kaole walishiriki biashara ya Bahari ya Hindi karne nyingi kabla ya Wazungu kufika. Leo jengo dogo la maonyesho lipo kando ya magofu. Hata hivyo Kaole si mahali pa watalii peke yao: wapo wanaokwenda kuomba dua na kuweka nadhiri kwenye kaburi la mwanamke aitwaye Sharifa. Kwa watu hao, kaburi hilo bado lina kazi yake.

Caravanserai inasimulia karne ya 19, wakati Bagamoyo ilipokuwa lango la bara. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walishusha pembe za ndovu zilizotoka Tabora, Ujiji na kwingineko, wakapumzika, kisha wakapandisha vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Watumwa pia walipitishwa njia hiyo kuelekea Unguja. Msafara mmoja ungeweza kuwa na mamia ya watu, na mji mzima uliishi kwa kuwalaza, kuwalisha na kuwauzia bidhaa. Mashomvi, wenyeji wa mrima, yaani pwani hii ya bara, walitoza ushuru na kushirikiana na wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kihindi. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alianzia Bagamoyo safari yake ya kumtafuta mpelelezi David Livingstone. Baada ya ukarabati, kambi hiyo imekuwa mahali pa maonyesho kuhusu misafara.

Makumbusho ya misheni yana chanzo kingine. Mwaka 1868 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokwisha kuanza kazi Unguja, walivuka na kufungua misheni Bagamoyo. Waliwakomboa watumwa, wengi wao watoto, wakaanzisha kijiji cha waliokombolewa chenye mashamba, shule na karakana. Kanisa la kwanza lilijengwa mwaka 1872, na nyumba ya masista mwaka 1876. Katika mnara wa kanisa hilo, Februari 1874, ndimo ulimolazwa mwili wa Livingstone ulipofika pwani. Ulikuwa umebebwa kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo, na wafuasi wake wakiongozwa na Chuma na Susi, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500. Nyumba ya masista sasa ndiyo makumbusho. Ndani yake mna minyororo ya watumwa, picha za zamani na maelezo ya maisha ya misheni na ya mji.

Majengo haya yalisalimika kwa sababu iliyowaumiza wenyeji. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891, serikali ilipohamia Dar es Salaam, yenye bandari ya kina kirefu. Reli iliyoanza kujengwa kutoka huko mwaka 1905 iliwaondolea wapagazi kazi. Fedha zilipohama, ujenzi mpya ulipungua, na nyumba za mawe hazikubomolewa kupisha nyingine. Lakini hazikutunzwa pia. Ukuta wa matumbawe huhitaji kupakwa chokaa mara kwa mara. Ukipigwa plasta ya saruji, unyevu na chumvi hufungiwa ndani, na jiwe huanza kumomonyoka. Boriti za mikoko nazo huoza dari inapovuja. Kwa hiyo uhifadhi wa Bagamoyo unategemea mafundi wanaojua chokaa sawa na unavyotegemea sheria.

Mbali na majengo, mji una hazina ya maandishi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliandika habari za ndoa, ngoma, uganga na safari za bara katika kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Maonyesho yanayosimulia wamisionari na wapelelezi pekee humwacha nje mtu kama yeye, aliyeeleza maisha ya mrima kwa lugha ya mrima.

Mifano ya uhifadhi ya kujifunza ipo. Katika kisiwa cha Lamu, nchini Kenya, ngome iliyotumika kama gereza hadi mwaka 1984 iligeuzwa makumbusho, na nyumba moja ya Kiswahili ikahifadhiwa ili kuonyesha maisha ya familia. Mji wa kale wa Lamu, ambao bado unakaliwa na watu wake, uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Tanzania nayo, mwaka 2006, iliwasilisha UNESCO pendekezo la njia kuu ya watumwa na pembe, inayounganisha Bagamoyo na Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Pendekezo hilo linaiweka Bagamoyo mahali pake halisi, kama mwisho wa barabara ndefu iliyokanyagwa na Waafrika waliobeba mizigo na waliofungwa minyororo. Historia hiyo ni ya wajukuu zao, na kazi ya makumbusho ni kuwapa nafasi ya kuisimulia wao wenyewe.