Vumbi la Dhahabu na Daftari la Vifo

Mwaka 1904 John Scott Haldane, mwanasayansi wa Uingereza aliyebobea katika masuala ya hewa na upumuaji, alitoa ripoti pamoja na wenzake kuhusu afya ya wachimba migodi wa Cornwall. Wanaume wa jimbo hilo walikuwa wamechimba bati kwa vizazi vingi, na dhahabu ilipogunduliwa Witwatersrand, au Rand kwa kifupi, eneo la Johannesburg, mwaka 1886 walimiminika Afrika Kusini kwa sababu walijua kazi ya miamba kuliko wengine. Baada ya miaka michache walianza kurudi kwao, fedha mfukoni na kikohozi kifuani, wakafa wangali vijana. Haldane aliweza kuligundua hilo kwa sababu Uingereza ilikuwa na daftari la vifo: jina la marehemu, umri wake, kazi yake, kilichomuua. Kwa kufuatilia maisha ya waliokufa alibaini kwamba wengi waliwahi kuendesha mashine za kuchoronga miamba, na wengi wa hao walikuwa wameziendesha Transvaal, jimbo lenye migodi ya Rand. Sehemu ya ushahidi wa ugonjwa wa Johannesburg ilipatikana basi umbali wa maelfu ya kilomita, katika ofisi za makarani wa vifo.

Nusu karne baadaye wanaume wa Rungwe na Mbeya, kusini magharibi mwa Tanganyika, nao walikuwa wakienda kwenye miamba ileile. Waliajiriwa kwa mkataba na WNLA, wakala wa makampuni ya migodi ambaye kusini mwa Afrika alijulikana kwa jina la Wenela, na mkataba ulipokwisha walirudishwa kwao. Hakuna aliyekuja kuwafuatilia kwa njia ya Haldane, wala asingepata pa kuanzia: katika Tanganyika ya mkoloni Mwafrika hakulazimishwa kuandikisha kifo. Historia ya vumbi la Rand imezoeleka kusimuliwa kama habari ya sayansi iliyochelewa. Mimi naiona kama habari ya hesabu. Ugonjwa ulijulikana mapema sana. Kilichoamua nani alindwe na nani alipwe ni kama mgonjwa alifia mahali ambapo kifo chake kingeandikwa.

Inafaa kwanza kueleza vumbi lenyewe hufanya nini. Dhahabu ya Rand imo ndani ya mwamba wenye silika nyingi, na kuitoa kunataka kuchoronga matundu, kujaza baruti, kulipua, kisha kuzoa mawe yaliyovunjika. Mashine za kuchoronga za miaka ya 1890 zilifanya kazi kavukavu. Mchorongaji aliyeelekeza chuma juu ya kichwa chake alipokea usoni unga wote ulioshuka kutoka kwenye tundu. Unga ule unaoonekana haukuwa na hatari kubwa, maana puani na kooni hunaswa ukatemwa. Hatari iko kwenye chembe ambazo jicho halizioni, nyembamba mara nyingi kuliko unywele, zinazofika hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Huko seli za ulinzi huzimeza kama zinavyomeza vijidudu, lakini silika haimeng'enywi. Seli hufa, chembe huachwa huru, seli nyingine huja kuimeza ileile, na kila raundi huacha kovu. Mapafu yanakuwa magumu kidogo kidogo. Kwa kawaida inapita miaka kumi na zaidi kabla mtu hajaanza kuhema akipanda kilima, na makovu huendelea kukua hata kama aliacha mgodi zamani. Huo ndio silikosisi, na mpaka leo hauna dawa ya kuuponya. Mapafu ya namna hiyo pia hushindwa kupambana na kifua kikuu, kwa hiyo hatari ya kuugua TB hupanda mara kadhaa na hubaki juu maisha yote.

Watetezi wa migodi wamewahi kusema kwamba tunawahukumu watu wa jana kwa elimu ya leo. Kumbukumbu za wakati huo zinawakatalia. Vita vya Makaburu na Waingereza vilisimamisha kazi migodini mwaka 1899, na vilipokaribia kwisha wakaguzi walikuta kwamba kati ya wachorongaji Wazungu 1,377 walioajiriwa kabla ya vita, 225 walijulikana kuwa wamekwisha kufa. Lord Milner, mtawala wa Uingereza huko, aliunda tume mwaka 1902, ikatoa taarifa mwaka uliofuata, ikataja vumbi waziwazi na kupendekeza maji yatumike kulituliza. Sheria za fidia zilipitishwa 1911 na 1912, kisha mwaka 1916 ikaanzishwa ofisi maalumu ya madaktari ya kuchunguza mapafu ya wachimbaji. Mwaka 1930 Shirika la Kazi Duniani lilifanya mkutano wake wa kimataifa wa silikosisi, na mahali palipochaguliwa ni Johannesburg, kwa kuwa wakati huo hapakuwa na mji wenye wataalamu wengi zaidi wa ugonjwa huo. Atakayetaka kusema hawakujua na aseme, ila atuambie huo mkutano ulikuwa wa nini.

Tukio la mwaka 1913 ndilo linaloonyesha vizuri zaidi jinsi hesabu ilivyofanya kazi. Serikali ya Afrika Kusini ilipiga marufuku kuajiri wachimbaji kutoka kaskazini ya latitudo ya 22 kusini mwa ikweta, yaani watu wa Nyasaland (Malawi ya leo) na nchi za jirani zenye joto. Sababu ilikuwa nimonia. Watu hao walikuwa wakifa kwa wingi wa kutisha, na walifia kambini, ndani ya majuma au miezi ya kufika, katika vitanda vya hospitali za migodi yenyewe. Kifo cha namna hiyo hakifichiki: kina tarehe, kina namba ya mkataba, kina mwajiri. Wanasiasa waliuliza maswali, madaktari mashuhuri waliitwa kutoka ng'ambo, na mlango ukafungwa kwa takriban miaka ishirini. Silikosisi haikuwahi kufunga mlango wowote kwa Mwafrika. Ilikuwa na adabu ya kusubiri mpaka mtu afike kwao.

Mlango ulipofunguliwa tena katika miaka ya 1930, utaratibu wa uchunguzi ulikuwa wa madaraja mawili. Mchimbaji Mzungu alipitia ofisi ya madaktari, akapigwa picha ya eksirei, akarudi kwa vipindi, na akikutwa na ugonjwa familia yake ilikuwa na matumaini ya pensheni. Mchimbaji Mweusi alipangwa foleni pamoja na wenzake, vifua wazi, daktari akipita haraka, na kipimo kilichotegemewa zaidi kilikuwa mzani. Aliyepungua kilo alitolewa pembeni. Aliyebaki na uzito wake alihesabiwa mzima. Ukikumbuka kwamba silikosisi inaweza kukaa kifuani miaka mingi bila kumkondesha mtu, utaona kipimo hicho kilifaa kukamata TB iliyokwisha kukomaa, na kidogo sana zaidi ya hapo. Mwafrika aliyebahatika kutambuliwa alipewa fedha za mkupuo, akaondoka. Tofauti za rangi katika sheria ya fidia ziliondolewa mwaka 1993 tu.

Wapo waliojenga hoja nzito zaidi, nayo inastahili kujibiwa kwa makini. Walisema mkataba mfupi ni kinga: Mwafrika hufanya kazi miezi kadhaa, hurudi kijijini kupumzika katika hewa safi, kwa hiyo hakusanyi vumbi la kumdhuru. Hoja hii ina chembe ya ukweli, kwa sababu kiasi cha vumbi alichovuta mtu maishani mwake kina uzito mkubwa. Lakini hewa safi ya kijijini haioshi silika iliyokwisha kuingia. Isitoshe, wengi walirudi mkataba baada ya mkataba, na vipindi hivyo vikijumlishwa hufanya miaka mingi. Mwishowe, namba ndogo za ugonjwa zilizotolewa kuthibitisha kinga hiyo zilitokana na mfumo uleule wa kuwaondoa watu kabla hawajaugua.

Kuhusu TB, ilisemekana watu waliileta wenyewe kutoka kwenye umaskini wao. Umaskini ulikuwepo kweli, na TB vijijini haikuletwa na mgodi peke yake. Lakini aliyeingia mgodini alilala chumba kimoja na kundi la watu, akavuta silika mchana, kisha akapelekwa kwao mara tu alipodhoofika. Mgodi ulichangia kumwambukiza na ukachangia kueneza. Na kwamba walikwenda kwa hiari? Walikwenda, na wengi walirudi na mabati ya nyumba na ng'ombe wa mahari, jambo lisilopaswa kudharauliwa. Ila kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na hakuna mkataba uliowaeleza kwamba gharama nyingine italipwa baada ya miaka kumi na tano.

Ukweli ulianza kuonekana pale watafiti walipofanya alichofanya Haldane, yaani kuwafuata wagonjwa nyumbani. Katika miaka ya 1990 tafiti zilizofanywa Thamaga, Botswana, na Libode, jimbo la Eastern Cape, ziliwapiga picha wachimbaji wa zamani, zikakuta zaidi ya mmoja kati ya kila watano ana mapafu yaliyoharibiwa na vumbi. Uchunguzi wa maiti za wachimbaji Weusi wa dhahabu ulionyesha silikosisi ikipanda kutoka asilimia 3 mwaka 1975 hadi 32 mwaka 2007, kadiri watu walivyokaa kazini muda mrefu zaidi. Mahakama za Afrika Kusini zilifuata. Katika kesi ya Mankayi, mdai alikuwa amefanya kazi mgodini kuanzia 1979 hadi 1995 na kufidiwa randi 16,320. Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2011 kwamba anaweza kumshtaki mwajiri, siku chache baada ya yeye mwenyewe kufariki. Mwaka 2019 makubaliano ya pamoja ya kampuni kadhaa yaliidhinishwa, na kukaundwa mfuko wa Tshiamiso wa kuwalipa wachimbaji na warithi wao.

Mfuko huo unawahusu waliofanya kazi kuanzia tarehe 12 Machi 1965. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961, na serikali ya Nyerere ikasitisha uajiri wa Wenela kwa kupinga ubaguzi wa rangi. Uamuzi huo uliokoa mapafu mengi, nao ndio uliowaacha wengi wa waliotoka Rungwe nje ya tarehe.

Vumbi lenyewe halijatuacha. Huko Mirerani, kaskazini mwa Tanzania, wanaapolo, yaani wachimbaji wadogo, huchoronga miamba ya tanzanaiti, mara nyingi bila maji, na wataalamu wa hospitali ya Kibong'oto, iliyohudumia wagonjwa wa TB tangu enzi za mkoloni, wamekuta silikosisi miongoni mwao. Wengi hufanya kazi kwa posho na mgawo wa mawe yakipatikana, bila mkataba wala hati ya mshahara. Mmoja wao akirudi mkoani kwake na kuugua baada ya miaka kumi, akiulizwa kazi yake zahanati atajibu mkulima, wala hatakuwa amedanganya. Wenela, pamoja na yote, iliandika majina: kumbukumbu za ajira za wakala huyo na mrithi wake ndizo leo zinazowasaidia wadai kuthibitisha kwamba waliwahi kushuka shimoni. Mwanaapolo anayeshuka leo, mara nyingi jina lake haliko kwenye orodha yoyote ya aina hiyo.