Safari ya Mbinguni katika Kusadikika

Mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, Shaaban Robert alitoa Kusadikika, hadithi ya nchi inayoelea angani. Wajumbe sita wanatumwa pande zote, hata mbinguni, safari inayokumbusha tenzi za pwani kuhusu miraji, yaani kupaa kwa Mtume Muhammad. Kila mjumbe anarudi na maarifa. Kila mmoja anafungwa. Karama, aliyeshtakiwa kwa kutaka sheria ifundishwe, anajitetea kwa kusimulia safari hizo, hata wote wakaachiwa huru.

Tuisomapo Nakivale, karibu na Mbarara, miongoni mwa wanafunzi waliovuka mipaka na ujuzi wa kwao, swali la uraia hubaki: ajaye na maarifa kutoka mbali, tumsikilize au tumnyamazishe?