Keya, Ulingo na Nguvu za West Nile

Kuanzia mwaka 1951 hadi 1960, ubingwa wa ndondi wa Uganda katika uzito ulio chini kidogo ya uzito wa juu ulikuwa mikononi mwa askari mmoja wa Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza, mwenye kimo cha sentimita 193. Baba yake alikuwa Mkakwa, mwenye asili ya Koboko. Mama yake alikuwa Mlugbara. Jina la askari huyo, Idi Amin, likitajwa leo, kinachokuja kwanza ni miaka minane ya utawala wake na watu waliouawa ndani yake, na ndivyo inavyostahili. Lakini ubingwa ule una historia iliyoanza kabla yake, nayo ni habari ya jinsi nguvu za wanaume wa West Nile zilivyotafutwa, zikapimwa na kutumiwa na serikali moja baada ya nyingine, hadi zikaingizwa ndani ya kamba za ulingo.

West Nile, kona ya kaskazini-magharibi ya nchi, ilichelewa kuwa Uganda. Katika karne ya 19 Misri ilikuwa na jimbo lililoitwa Ikweta, na gavana wake wa mwisho, Emin Pasha, aliondoka mwaka 1889. Askari wake wengi walibaki nyuma. Walikuwa watu wa nchi zile zile za mto Nile, Wakakwa na Walugbara miongoni mwao, wengine walioandikishwa na wengine waliotekwa, wakasilimu na kushika Kiarabu cha kambini. Mwaka 1891 Frederick Lugard aliwachukua mamia yao, wakiongozwa na Selim Bey, akawapeleka kusini kuwa jeshi la kampuni ya Waingereza. Hapo ndipo asili ya Wanubi wa Uganda, ambao Kinubi chao kinasikika hadi leo Arua, Koboko na Bombo. Kwao walikotoka kukawa sehemu ya Lado, eneo alilokodishiwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Mfalme huyo alipofariki Desemba 1909, Lado ikarudishwa chini ya Sudan, na mwaka 1914 upande wake wa kusini ukahamishiwa Uganda. Mwaka huo huo mkuu wa wilaya wa kwanza, A. E. Weatherhead, alifungua boma la Arua.

Boma lilihitaji migongo ya watu. Kabla ya malori kufika, kila gunia la chumvi, kila sanduku la risasi na kila hema la bwana mkubwa lilisafiri kichwani mwa mtu. Katika misafara ya Afrika Mashariki mzigo wa mpagazi mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei. Mpagazi alisokota nguo au majani kuwa kata, akaiweka utosini, wenzake wawili wakamtwika, kisha akatembea tangu alfajiri hadi jua la saa sita. Hakuna aliyeandika jina lake. Kilichoandikwa kwenye daftari la msafara ni idadi ya mizigo.

Wenyeji hawakuipokea hali hiyo kwa unyonge. Kabla boma halijajengwa, Walugbara walikuwa wamekwishapata habari za maji ya Yakan, ambayo mtabiri wa Kikakwa aliyeitwa Rembe aliyagawa kwa walioyataka. Aliyekunywa aliamini kuwa risasi hazitamdhuru na kwamba kodi na amri za wageni zingekoma. Msomaji anayeijua vita ya Maji Maji ya Tanganyika ya 1905 hadi 1907 atatambua undugu wa fikra hizi mbili, ingawa watu wa pande hizo hawakuonana. Rembe alikamatwa, akanyongwa Yei mwaka 1917. Machafuko ya Yakan yalilipuka wilayani mwaka 1919 na serikali ikayazima kwa bunduki. Yakan yalikuwa jibu la watu walioona nguvu za mwili peke yake haziwezi kushindana na silaha za kisasa, wakatafuta nguvu ya aina nyingine.

Baada ya hapo serikali iliiona West Nile kama ghala la vibarua. Vijana walichukuliwa na mawakala wa kuandikisha wafanyakazi, wakavushwa Nile na kupelekwa kukata miwa katika mashamba makubwa ya Kakira, karibu na Jinja, na Lugazi, njiani kuelekea Kampala. Tumbaku ilikuja baadaye kuwapa baadhi yao njia ya kulipa kodi bila kuhama, lakini kwa vizazi viwili au vitatu njia ya kijana wa Arua kupata fedha ilikuwa panga la miwa au bunduki ya serikali.

Bunduki ilikuwa na heshima zaidi. King's African Rifles, jeshi ambalo wananchi waliliita Keya, lilianzishwa mwaka 1902, na batalioni yake ya nne ndiyo iliyokuwa ya Uganda. Maofisa Waingereza walishikilia imani kwamba watu wa kaskazini walizaliwa kuwa askari, na kwamba wa kusini walifaa zaidi kuwa makarani. Imani hiyo haikuwa na msingi, ila ilikuwa na matokeo. Mwandikishaji alipofika, vijana walipangwa mstari mmoja, wakavua mashati. Kila mmoja alisimama chini ya kipimo cha kimo, kifua kikazungushiwa utepe akiwa ametoa pumzi na tena akiwa ameijaza, meno yakakaguliwa, nyayo zikaangaliwa kama ni bapa. Aliyekuwa mrefu na mpana aliitwa upande mmoja. Kwa wengi, siku hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza miili yao kuandikwa kwa tarakimu.

Keya ndiyo pia iliyoleta Kiswahili West Nile kwa nguvu. Amri zilitolewa kwa Kiswahili cha kambini, na vyeo vyake vilikuwa na historia ya Nile ndani yake: ombasha kwa koplo, shaushi kwa sajini, efendi kwa ofisa mwenyeji. Maneno hayo yalitoka Uturuki, yakapita Misri na Sudan, yakafikishwa Afrika Mashariki na askari wale wale wa Emin Pasha. Kwa hiyo kijana wa Koboko aliyeitwa ombasha huko Jinja alikuwa akiitwa kwa neno ambalo babu zake walikwisha kulibeba mabegani. Katika Vita ya Pili ya Dunia askari wa Keya walipigana Ethiopia mwaka 1941, wakatua Madagascar, na mwaka 1944 wakapita bonde la Kabaw huko Burma katika mvua za masika ya Asia, wakavuka mto Chindwin Desemba mwaka huo.

Ndondi zilikuwa sehemu ya maisha ya jeshi la Uingereza popote lilipopiga kambi. Kanuni zilizofuatwa zilitokana na zile za Queensberry za mwaka 1867: glovu mikononi, raundi za dakika tatu, na hesabu ya kumi kwa aliyeanguka. Kwa maofisa, mchezo huu ulikuwa njia ya kumzoeza askari kuvumilia maumivu bila kuvunja utii. Kwa askari ulikuwa kitu kingine. Turubai lilitandikwa juu ya mbao, kamba zikafungwa kwenye nguzo nne, na kila kona ikawa na kigoda, ndoo ya maji na sponji. Kikosi kizima kilikaa chini kuzunguka ulingo, maofisa wakiwa mbele kwenye viti. Siku nyingine zote ombasha alisimama wima mbele ya mkubwa wake na kujibu alipoulizwa. Jioni ile alipandishwa mahali ambapo kila jicho lilimtazama yeye, jina lake likatangazwa, na refa akauinua mkono wake wa kulia mbele ya watu wote. Mpagazi wa mwaka 1914 hakuwahi kupata jambo la namna hiyo, na hapo ndipo ulipo uzito wa ndondi katika historia ya West Nile.

Amin aliingia Keya mwaka 1946 kama msaidizi wa mpishi. Madai yaliyoenezwa baadaye kwamba alipigana Burma hayana ukweli, kwa maana vita ilikuwa imekwisha. Alihamishiwa kikosi cha askari wa miguu, akatumikia Kenya, akawa huko tena wakati wa vita dhidi ya Mau Mau. Ubingwa wa mwaka 1951 aliupata katika uzito wa kilo 81, na kwa mtu wa kimo chake maana yake ni mikono mirefu kuliko ya karibu kila mpinzani. Kukaa na taji miaka tisa si jambo dogo, ingawa ni haki kusema pia kwamba wanaume wa uzito huo hawakuwa wengi katika koloni ambalo watu wengi walikula kwa kupima, na kwamba askari alipata posho, nyama na muda wa mazoezi ambavyo kibarua wa Kakira hakuviona. Alicheza raga Jinja na kuogelea pia. Maofisa wake walimpenda kwa sababu ya michezo, na michezo ilimbeba: mwaka 1959 alipewa cheo cha efendi, na mwaka 1961 alikuwa mmoja wa wenyeji wawili wa kwanza wa Uganda, pamoja na Shaban Opolot, kufanywa maofisa kamili.

Dalili ya hatari ilionekana mapema. Mwaka 1962 kikosi alichokiongoza kilitumwa kuzuia wizi wa ng'ombe Turkana, na baadaye ikagundulika kwamba wafugaji walikuwa wameteswa na kuuawa. Kesi ilitazamiwa, lakini uhuru ulikuwa umebakiza miezi, na wakubwa wakaamua kutomshitaki. Ulingoni refa angemsimamisha. Nje ya ulingo hakusimamishwa na mtu, na tarehe 25 Januari 1971 aliipindua serikali ya Milton Obote. Katika miezi iliyofuata askari wa Kiacholi na Kilango waliuawa kwa mamia ndani ya kambi zao wenyewe, kambi zile zile ambamo waliwahi kupigana ndondi na wenzao wa West Nile kwa kanuni na kengele.

Ni jambo gumu kulitamka, lakini miaka hiyo ndiyo iliyokuwa ya neema kwa ndondi za Uganda. Msingi ulikuwa umewekwa kabla: George Oywello alishinda dhahabu ya uzito wa juu katika michezo ya Jumuiya ya Madola ya Perth mwaka 1962, na katika Olimpiki ya Mexico 1968 Eridadi Mukwanga akapata fedha na Leo Rwabwogo shaba. Rwabwogo alipanda hadi fedha Munich mwaka 1972. Ayub Kalule alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa Havana mwaka 1974. Mwaka 1976 Uganda haikushiriki Olimpiki ya Montreal, ikiwa pamoja na nchi nyingine za Afrika zilizosusia. Sifa za medali hizo ni za mabondia na makocha wao, wala mtawala aliyependa kupigwa picha nao hana haki ya kuzichukua.

Mwaka 1977 mashindano ya nguvu yalipata sura mpya upande wa pili wa dunia. Huko California, televisheni ya Marekani iliwakusanya wanyanyua vyuma, warusha tufe na wacheza mieleka ili kumtafuta mwanamume mwenye nguvu kuliko wote duniani. Mshindi wa kwanza alikuwa Bruce Wilhelm. Katika zoezi moja washindani walikimbia na jokofu lililofungwa mgongoni, na Franco Columbu akaanguka na kuumia vibaya mguu. Wapagazi wa Lado wangelitambua zoezi hilo kwa haraka. Shindano hilo lilifika Mauritius mwaka 1996, Zambia mwaka 2001 na Botswana mwaka 2016 na 2017, na mwaka 2025 Rayno Nel wa Afrika Kusini akawa Mwafrika wa kwanza kulishinda. Uganda halijafika. Mwaka ule ule lilipoanza, mwezi Februari, Uganda ikiwa bado mikononi mwa Amin, Askofu Mkuu wa Kianglikana Janani Luwum aliuawa Kampala.

Amin hakuacha kufikiri kibondia. Mwishoni mwa 1978, majeshi yake yalipokuwa yameivamia Kagera, alitangaza kwamba yeye na Mwalimu Nyerere, rais wa Tanzania, wamalize ugomvi ulingoni, Muhammad Ali akiwa refa. Wakati huo watu wa Kagera walikuwa wakizika maiti zao. Jibu la Tanzania lilikuwa vita. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mwanzoni mwa Juni vikosi vya Tanzania vilifika mpaka wa Sudan, vikiwa vimekwisha kuishika Arua.

Bili ilipelekwa kwa watu wa West Nile. Tarehe 2 Agosti 1980, bondia wa Uganda John Mugabi alipigana fainali ya Olimpiki Moscow, akashindwa na Andrés Aldama wa Cuba na kurudi na medali ya fedha. Miezi miwili baadaye, Oktoba, askari wa zamani wa Amin walivuka mpaka na kushambulia Koboko na Arua. Jeshi jipya la Uganda lilipowafukuza, liliwageukia raia: nyumba zilichomwa, maduka yakaporwa, na watu wakauawa kwa sababu tu ya kabila lao. Tarehe 24 Juni 1981, raia waliokimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, nje kidogo ya Arua, walipigwa risasi ndani ya uwanja wa kanisa. Mamia ya maelfu waliingia Sudan na Zaire, wakiwa na magodoro, sufuria na watoto, mizigo ikiwa kichwani kama ya zama za Lado.

Wengi walianza kurudi katikati ya miaka ya 1980. Koboko ikafanywa wilaya mwaka 2005, na Arua ikapewa hadhi ya jiji Julai 2020. Amin alifariki Jeddah tarehe 16 Agosti 2003, akazikwa huko. Medali ya Mugabi bado ni ya mwisho ambayo bondia wa Uganda ameipata katika Olimpiki.