Mipira ya kukanyagia kwenye mbao za kafi

Mpira wa kukanyagia ni tabaka la sponji ngumu linalobandikwa juu ya ubao wa kafi, yaani ule ubao mrefu ambao mtu husimama juu yake na kuusukuma majini kwa kafi moja ndefu. Kazi yake ni kuzuia nyayo zisiteleze. Tabaka linalofunika sehemu ya katikati, anaposimama mpiga kafi muda mwingi, huitwa mpira wa mgongoni. Lililo fupi na nene zaidi hukaa nyuma, tezini, nalo huitwa mpira wa mkiani. Mtu husimama juu ya wa kwanza anapokwenda mbele, na hurudi juu ya wa pili anapotaka kugeuza ubao. Kwa sababu hiyo makosa mengi ya ufungaji hutokea mkiani: mtu hubandika mpira pale unapopendeza macho, kisha akiwa majini anagundua kuwa mguu wake hautui hapo.

Katika mkoa wa Haut-Lomami, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kusimama majini na kafi mkononi ni kazi ya kale kuliko mbao hizi. Kaniama ni mojawapo ya maeneo matano ya mkoa huo, pamoja na Kamina, Kabongo, Bukama na Malemba-Nkulu, na mkoa wenyewe ulizaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa. Mji wa Kaniama uko karibu nyuzi 7 na nusu kusini mwa ikweta, juu ya reli inayotoka Bukama kupitia Kamina kuelekea Mwene-Ditu na Ilebo, iliyokamilika mwaka 1928. Ni nchi ya savana, mahindi na mito. Maji ya upande wa magharibi hushuka kwa Lubilash, ambao mbele huitwa Sankuru. Mto Lomami nao hukata nyanda hizo ukielekea kaskazini. Mashariki, katika Bukama na Malemba-Nkulu, liko bonde la Upemba, ambamo mto Lualaba hupita kati ya maziwa na mabwawa, yakiwemo Upemba na Kisale.

Katika bonde hilo watu wameishi kwa samaki kwa zaidi ya miaka elfu moja. Makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyoanza kuchimbuliwa na wanaakiolojia mwaka 1957, yalitoa vyungu, shaba na vyuma vya watu walioishi hapo tangu karne ya 8 hivi. Hadi leo mvuvi wa Kisale husimama ndani ya mtumbwi wa gogo. Penye mafunjo na kina kifupi hutumia pondo. Penye kina hushika kafi. Anasimama kwa sababu anataka kuona: njia kati ya mafunjo, boya la wavu, mgongo wa kiboko. Aliyeketi haoni mambo hayo mapema.

Mtumbwi humsaidia mvuvi huyo kwa njia ambazo ubao hauna. Sakafu yake imechongwa kwa tezo, na kila pigo la tezo limeacha bonde dogo lenye ukingo. Unyayo mtupu hushika kingo hizo hata kukiwa na maji ndani. Tena anasimama chini ya ukingo wa chombo, karibu na usawa wa maji, na mbavu za mtumbwi ziko pande zote mbili kumzuia mguu usitoke. Mitumbwi mingi ya mto Kongo na matawi yake ina pia ncha pana iliyoachwa bapa, ambapo mwelekezaji husimama na kukanyaga kwa uzito wake anapogeuza chombo. Kazi ya ncha ile ndiyo inayofanywa na mpira wa mkiani kwenye ubao wa kafi. Ubao wenyewe hauna ukingo wala bonde la tezo. Umepakwa epoksi laini kama kioo, mtu yuko juu yake kabisa, na unene wake wa sentimita 10 hadi 15 unamwinua juu ya maji. Bila mpira, maji machache na jasho la nyayo vinatosha kumwangusha.

Na kuanguka katika maji ya nchi hii si jambo dogo. Katika Lualaba na maziwa yake kuna mamba na viboko, na kwenye maji yaliyotulia kuna konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, ambavyo huingia mwilini kupitia ngozi wakati mtu anajinasua. Watalii wa pwani, huko Paje au Diani, huanguka kwenye maji ya chumvi yenye joto, wakacheka na kupanda tena. Kwa mtu wa bara, mpira mzuri wa kukanyagia ni kifaa cha usalama sawa na jaketi la kuelea, na unastahili kupewa uzito huo.

Kubandika kitu cha kuzuia utelezi juu ya ubao kulianzia kwa wapanda mawimbi. Mwaka 1935, huko California, kijana Alfred Gallant aliona nta ya sakafu ya nyumbani kwao inavyoshika nyayo, akaipaka juu ya ubao wake. Nta ikatawala kwa miongo mingi, na bado inatumika. Katika miaka ya 1970 Herbie Fletcher, naye wa California, alianza kutengeneza mipira ya kubandika kupitia kampuni yake ya Astrodeck. Kupiga kafi kwa kusimama juu ya ubao kulikuwa tayari kunafanywa na walimu wa mawimbi wa Waikiki, Hawaii, katikati ya karne ya 20. Wakati wa kuingia miaka ya 2000, wapanda mawimbi Laird Hamilton na Dave Kalama waliurudisha mtindo huo, ukasambaa duniani. Kwa ubao wa kafi, nta ilionekana haraka kuwa haifai. Mpiga kafi husimama mahali pamoja kwa saa nzima, na juani nta huyeyuka chini ya nyayo, ikashika mchanga, kisha ikawa yenyewe ndiyo inayoteleza.

Mpira wa leo hutengenezwa kwa EVA, sponji ya vishimo vilivyofungwa ambayo hainywi maji. Ni nyenzo ileile inayotumika kutengeneza soli za kandambili na za viatu vya michezo. Mpira wa mgongoni huwa na unene wa milimita 3 hadi 5 na michoro ya mifereji au almasi ndogondogo zinazopitisha maji. Wa mkiani huwa mnene zaidi, mara nyingi wa vipande vitatu, ukiwa na tuta la katikati linalojaza uvungu wa unyayo na ukuta ulioinuka nyuma kabisa, wa sentimita 2 hadi 3. Ukuta huo una kazi moja: kuuambia mguu, bila macho kutazama chini, kwamba ubao umeishia hapo.

Kabla ya gundi yoyote, nafasi ya miguu itafutwe majini. Njia ifuatayo ni rahisi na haihitaji kifaa cha gharama. Ubao ukiwa mkavu, bandika vipande vya tepu ya fundi umeme kukatiza mgongo wake, kila baada ya sentimita 10, kuanzia kishikio cha kubebea hadi tezi, na kila kipande kiandikwe namba. Ingia kwenye maji matulivu, miguu mitupu. Simama kwanza miguu ikiwa pande mbili za kishikio, upana wa mabega, na uombe aliye ukingoni aangalie: omo, yaani ncha ya mbele, ikizama, sogea nyuma, tezi ikizama, sogea mbele. Mahali ubao unapolala sawa ndipo katikati ya mpira wa mgongoni. Kisha rudisha mguu mmoja nyuma kidogokidogo, ukipiga kafi upande mmoja kwa mapigo mapana, hadi omo inyanyuke na ubao uanze kuzunguka juu ya pezi lake la chini. Soma namba iliyo chini ya kisigino. Rudia mara kadhaa, kwa mguu wa kulia na wa kushoto, kwa kuwa mwili huchoka na mguu uliochoka hutua karibu zaidi na katikati. Namba inayojirudia ndiyo nafasi ya mpira wa mkiani.

Mara nyingi namba hiyo itaangukia juu ya pezi au mbele yake kidogo. Kwenye mbao fupi za mawimbi, ukuta wa nyuma wa mpira huwekwa sentimita 5 hadi 8 tu kutoka ncha ya tezi. Kwenye mbao ndefu za mtoni, zenye mita 3 na nusu au zaidi, mpiga kafi wa kawaida hafiki huko, na mpira uliobandikwa kwenye ncha utakaa bila kukanyagwa. Afadhali mpira usogezwe mbele ufuate mguu. Mtu mfupi na mtu mrefu wanaotumia ubao mmoja wachague nafasi ya yule anayeutumia zaidi.

Kuna vitu viwili juu ya tezi ambavyo mpira usivifunike. Cha kwanza ni tundu la kamba ya mguuni. Cha pili, kinachosahaulika zaidi, ni tundu la hewa. Mbao ngumu nyingi za kafi zina moyo wa povu la polistireni ndani ya ganda la epoksi, na hewa iliyo ndani hutanuka jua linapopanda. Hutanuka pia ubao unapopandishwa kutoka mahali pa chini hadi nyanda za juu, kama zile za Kamina zilizo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ikikosa pa kutokea, ganda hujitenga na moyo wake na kuvimba, na ubao ulioharibika hivyo hautengenezeki kirahisi. Tundu likiwa la skrubu, mpira ukatwe kulizunguka ili bisibisi ifike.

Kubandika kwenyewe kunategemea usafi kuliko nguvu. Nta ya zamani ikwanguliwe kwa kadi ya plastiki, kisha uso upanguswe kwa spiriti. Petroli na thina ziachwe. Petroli huacha utando wa mafuta ambao hauonekani lakini gundi huujua. Msasa namba 400 upite kidogo tu, hadi mng'ao upotee, na vumbi lake lifutwe tena kwa spiriti. Katika Kaniama adui mkubwa wa hatua hii ni vumbi jekundu la kiangazi, kati ya Mei na Septemba, ambalo hutua juu ya kila kitu kilichoachwa wazi kwa dakika chache. Kazi ifanyike ndani ya nyumba yenye sakafu iliyonyunyizwa maji, katikati ya asubuhi, joto likiwa kati ya nyuzi 20 na 28. Alfajiri za Juni na Julai ni baridi mno kwa gundi, na jua la mchana huifanya ishike kabla mkono haujasawazisha.

Mpira ulazwe kwanza bila kufunuliwa, uchorewe mpaka wake kwa penseli, kisha karatasi ya nyuma ivuliwe nusu tu. Upande ulio wazi ulaze kwenye mstari wako, bonyeza kutoka katikati kwenda kingoni ili hewa itoke, halafu vuta nusu iliyobaki. Vipande vya mkiani viachiane milimita 3 hivi, maji yapate kutoka na ubao upate kujipinda. Mwisho pitisha mgongo wa kijiko kuzunguka kingo zote, ukikandamiza kwa uzito wa bega. Ni ukingo unaoachia kwanza, daima, na ni pembe kali inayouanzisha. Pembe zikatwe mviringo kabla. Ubao usiguse maji kwa saa 24.

Mbao za kujazwa hewa, ambazo zinasafirika kwa treni au lori zikiwa zimekunjwa, zina sharti lake. Zijazwe kwanza hadi shinikizo la kazi, karibu baa 1, ndipo mpira ubandikwe, na zibaki zimejaa hadi kesho yake. Mpira uliobandikwa kwenye ubao uliolegea utavutwa na kung'oka pindi ubao unapokazwa. Nyingi huja na mpira wa mgongoni tayari kutoka kiwandani, na kubandika mpira wa mkiani juu ya mifereji ya ule wa kwanza hakushiki. Lazima sehemu hiyo ikatwe na kuondolewa.

Pasipo na duka la vifaa hivi, fundi viatu ana karibu vyote. Karatasi ya EVA ya soli, milimita 4 au 5, hufaa mgongoni, na vipande kadhaa vilivyobandikwa kimoja juu ya kingine hutengeneza ukuta wa mkiani. Gundi ya viatu hupakwa pande zote mbili, ikaachwa hadi isinate kidoleni, kisha pande zikutanishwe mara moja, kwani hazisogezeki tena. Hatari yake ni moja nayo ni kubwa: viyeyushi vya gundi hiyo hula polistireni. Ganda likiwa na ufa hata mdogo, gundi itapenya na kuacha shimo ndani ambalo halitaonekana hadi mguu utumbukie. Ufa uzibwe kwa epoksi na ukauke kabisa kwanza. Wengine huchanganya mchanga mwembamba na rangi, wakapaka. Mchanga hushika vizuri, lakini huchubua magoti ya anayejifunza, na anayejifunza hutumia muda mwingi akiwa amepiga magoti.

Mpira ukiisha, usivutwe ukiwa baridi, maana utatoka na rangi ya ubao. Uanikwe juani kwa robo saa gundi ilainike, uinuliwe pembe moja, na uzi wa nailoni wa kuvulia upitishwe chini yake kwa kwenda na kurudi, hadi upande wa pili. Gundi inayobaki hutoka kwa kusuguliwa na kidole gumba, na kinachokataa hutolewa kwa spiriti.