Jinsi figo zinavyoondoa dawa ya CT-Scan mwilini

MGONJWA anayepewa rufaa kutoka Nachingwea au Ruangwa kwenda Lindi, Mtwara au Dar es Salaam kupigwa picha ya CT-Scan huenda akachomwa mshipani dawa isiyotibu chochote. Kazi yake ni kuifanya mishipa ya damu na viungo vionekane wazi. Dawa hiyo ina iodini, yaani madini joto yanayotiwa katika chumvi, ila hapa yamefungwa katika muundo ambao mwili hauuvunji.

Kwa kuwa haivunjwi, karibu mzigo wote wa kuiondoa huziangukia figo. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, na figo mbili kwa pamoja huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku. Karibu majimaji yote hayo hurudishwa mwilini; dawa hii hairudishwi, hutoka na mkojo. Kwa mwenye figo nzima, nusu yake hutoka katika saa mbili hivi, na karibu yote huwa imekwisha baada ya saa 24. Figo zikiwa zimedhoofu sana, nusu hiyo pekee yaweza kuchukua zaidi ya siku nzima.

Bariamu anayonyweshwa mgonjwa wa tumbo ni habari nyingine: haiingii katika damu, hutoka na choo.

Ndiyo maana daktari huweza kutaka kipimo cha kreatinini kabla ya picha. Tafiti za miaka ya karibuni zinaonyesha kuwa hatari ilikuzwa mno zamani. Wanaohofiwa zaidi ni wale ambao uchujaji wa figo zao umeshuka chini ya mililita 30 kwa dakika. Hao, wakiwa wanatumia metformini ya kisukari, huambiwa waisimamishe.

Tatizo la mgonjwa wa mbali ni safari. Abiria wengi hujinyima maji ili wasimsumbue dereva, kisha humeza diklofenaki kutuliza maumivu. Yote mawili huzipunguzia figo damu. Isipokuwa daktari amemkataza, mgonjwa na anywe maji ya kutosha.

Aidha, figo zikidhurika, kreatinini huanza kupanda kati ya siku moja na tatu baada ya sindano, wakati mgonjwa amekwisha kurejea Ruangwa. Mwenye figo dhaifu aombe kipimo hicho kirudiwe hukohuko nyumbani, na asisubiri tarehe yake akiona mkojo umepungua au miguu imevimba.