Ile Picha ya Wanaume 11 Juu ya Chuma Inatudanganya

Ile picha unaijua. Wanaume 11 wameketi kwenye boriti ya chuma, miguu inaning'inia hewani, wanakula lunchi, na chini yao ni mji wa New York. Iko kwenye ukuta wa kinyozi. Iko kwenye kafe. Iko kwenye status ya yule beshte yako wa "hustle haina breki". Ilipigwa tarehe 20 Septemba 1932, kwenye ghorofa ya 69 ya jengo la RCA pale Rockefeller Center, kama mita 260 kutoka chini. Hakuna mkanda. Hakuna helmeti. Hakuna neti.

Na kila nikiiona imepostiwa, kapsheni ni ile ile: wanaume wa zamani hawakuwa waoga. Leo nataka tubishane kuhusu hiyo kapsheni, kwa sababu hapa Nairobi inaua watu hadi leo.

Kwanza, ile ilikuwa picha ya matangazo. Wenye mradi walitaka jengo lao jipya liongelewe magazetini. Wale jamaa walikuwa wafanyakazi wa kweli, na kupanda chuma ndiyo ilikuwa kazi yao ya kila siku, lakini kuketi pale pamoja na kupiga pozi ni kitu kilichopangwa.

Pili, angalia mwaka. 1932 Marekani ilikuwa imeporomoka kiuchumi. Mwaka uliofuata, karibu robo ya wafanyakazi wote wa nchi ile hawakuwa na kazi. Ukikataa kupanda juu, kuna mwenye atapanda. Sasa niambie, huo ni ujasiri ama ni njaa?

Hii hadithi ya "hawa hawaogopi" ni ya zamani kuliko hiyo picha. Kule Kanada, karibu na Montreal, kuna jamii ya Wamohawk wanaoishi Kahnawake. Mwaka 1886 daraja la reli lilijengwa kuvuka mto St. Lawrence karibu na ardhi yao, vijana wao wakaingia kazi ya chuma, wakaipenda na wakawa wazuri sana. Wakandarasi wakaanza kusema ati hawa watu wamezaliwa bila woga wa kupanda juu. Yaani ni damu. Ukishaamini mtu hana woga, utamnunulia mkanda wa nini?

Tarehe 29 Agosti 1907, daraja la Quebec likaanguka likiwa bado linajengwa. Watu 75 walikufa. Kati yao, 33 walikuwa Wamohawk wa Kahnawake. Damu haikuwasaidia. Kilichowaua kilikuwa hesabu: uzito wa chuma ulikuwa umekadiriwa chini ya uzito halisi. Siku kadhaa kabla ya hapo, watu pale kwenye saiti walikuwa wameshaona vyuma vya chini vikipinda. Injinia mkuu alikuwa ameketi New York. Aliposhtuka, alituma ujumbe wa kuzuia uzito zaidi usiongezwe, lakini haukufika kwa wakati.

Soma hapo tena. Watu wa chini waliona. Habari ndiyo ilichelewa kupanda juu na kurudi. Kwenye mjengo, woga wa fundi ni habari. Fundi akisema "hii kitu inacheza," hapo anakupa ripoti ya bure kabisa. Ukimwita mwoga, umechana ripoti.

Sasa wacha nikuonyeshe upande wa pili, kwa sababu kuna watu wataniambia "enzi zile teknolojia haikuwepo."

Miezi michache tu baada ya ile picha, Januari 1933, ujenzi wa daraja la Golden Gate ulianza San Francisco. Nchi ni ile ile, njaa ni ile ile, na hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu pale kuna upepo, ukungu na bahari baridi. Wajenzi wa wakati huo walikuwa na kanuni yao ya kikatili: kila dola milioni 1 ya mradi, hesabu maiti 1. Golden Gate ulikuwa mradi wa kama dola milioni 35. Fanya hesabu mwenyewe.

Injinia mkuu, Joseph Strauss, akakataa hiyo hesabu. Kofia ngumu zikawa lazima. Mikanda ya kujifunga ikawa lazima. Aliyeleta mchezo wa kuonyesha ushujaa juu ya chuma alifutwa kazi. Halafu wakatandaza neti kubwa chini ya daraja, kutoka upande mmoja hadi mwingine, ikipita kingo za daraja kwa kama mita 3 kila upande. Iligharimu zaidi ya dola 130,000. Ukilinganisha na gharama yote ya mradi, haifiki hata nusu ya asilimia 1.

Neti ile iliokoa wanaume 19. Walianguka, wakadaka, wakarudi nyumbani. Wakajipa jina la utani la kilabu cha waliofika nusu ya njia kwenda jehanamu. Na kazi haikuchelewa. Watu walitembea juu ya chuma kwa haraka zaidi, kwa sababu walijua kuna kitu chini yao.

Sitakudanganya kwamba iliisha vizuri. Tarehe 17 Februari 1937, miezi 3 tu kabla daraja lifunguliwe, jukwaa lenye watu 12 lilichomoka likaanguka na kupasua neti. Watu 10 wakafa siku hiyo. Jumla ya waliokufa kwenye mradi mzima ikawa 11. Kwa hivyo neti si uganga. Jukwaa nalo lazima likaguliwe. Lakini linganisha 11 na ile kanuni ya 35, halafu uniambie kama kifo mjengoni ni bahati mbaya ama ni bajeti.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote leo. Mtu akianguka kutoka ghorofa ya 9, tunasema "ajali kazini". Historia inasema kwamba mara nyingi kuna mtu alikaa kwenye meza, akaangalia bei ya neti, akaangalia bei ya fundi, akachagua.

Tukuje nyumbani sasa.

Kenya haikosi sheria. Tangu 1951, enzi za mkoloni, tulikuwa na sheria ya viwanda iliyoongea kuhusu usalama wa wafanyakazi. Mwaka 1984 zikaja kanuni za ujenzi wenyewe, za majukwaa, ngazi na mashine za kuinua mizigo. Katikati ya hapo tulishajenga KICC, ghorofa 28, ikaisha 1973. Ukisimuliwa KICC utatajiwa wachoraji wake, Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso, na wanastahili. Mtu wa karai hatajwi. Hiyo nayo ni historia: jengo lina jina la mwenyewe, lina jina la aliyelichora, na aliyelibeba kichwani hana jina.

Halafu Januari 2006, jengo la ghorofa 5 lililokuwa likijengwa katikati ya Nairobi, upande wa Nyamakima, likaporomoka na wafanyakazi wakiwa ndani. Zaidi ya watu 10 walikufa na wengi wakaumia. Mwaka uliofuata, 2007, Bunge likapitisha sheria mbili ambazo kila kijana anayeenda mjengo anafaa kuzijua kama anavyojua kikosi cha Arsenal.

Ya kwanza ni sheria ya usalama na afya kazini. Inasema mwajiri ndiye anatoa vifaa vya kujikinga. Kama saiti ina wafanyakazi 20 au zaidi, lazima kuwe na kamati ya usalama, na wafanyakazi wawe na wawakilishi humo.

Ya pili ni sheria ya fidia kwa walioumia kazini. Inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Ukipata ulemavu wa kudumu usioweza tena kufanya kazi kabisa, fidia inahesabiwa kwa mshahara wa miezi 96. Hiyo ni miaka 8 ya mshahara. Soma tena ukitaka.

Na unajua nini kikafuata? Kesi. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikatupa baadhi ya vipengele vya hiyo sheria ya fidia. Mahakama ya Rufani ikavirudisha 2017. Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo Desemba 2019. Miaka 10 ya mawakili kubishana, na miaka hiyo yote watu walikuwa wanaendelea kuanguka. Agosti 2021 kreni ikaanguka Kilimani kwenye saiti, ikaua wafanyakazi kadhaa. Tukaomboleza wiki moja, tukaendelea na maisha.

Sasa angalia mtaani kwako leo. Kwetu kuna saiti inapanda kama ghorofa moja kila wiki chache. Asubuhi saa kumi na mbili vijana wamejaa getini wakingoja foremani atoke anyooshe kidole: wewe, wewe, na wewe. Wengine nilimaliza nao shule. Jamaa mmoja wa plot yetu, mtu wa mkono, aliniambia helmeti ziko, lakini hutolewa kukiwa na wageni wanakuja. Nikamuuliza mbona hasemi kitu. Akacheka, akaniambia, "Wewe hujaona wenye wako getini?"

Hao ndio wale 11 wa kwenye boriti. Miaka karibu 100 imepita, na foleni getini bado ndiyo inafanya kazi ya kumnyamazisha mtu. Kijana anapanda jukwaa la mbao na slipa, amebeba karai, na sisi tuko chini na simu tunarekodi tukisema "huyu ni simba". Msimwite simba. Simba hapewi mia chache jioni aambiwe kesho arudi mapema.

Halafu akianguka, unajua kinachofuata. Grupu ya WhatsApp inafunguliwa. Nambari ya mchango inatumwa. Mama yake anapigiwa simu. Kontrakta analeta gunia la mchele na pesa kidogo za jeneza, anasifiwa kwa utu wake. Familia inamshukuru. Hakuna hata mtu mmoja kwenye hiyo grupu anauliza bima ilikuwa wapi. Mimi nimechanga mara mbili kwenye grupu kama hizo, na sisemi tuache kuchanga, kwa sababu msiba ni msiba. Nasema mchango wetu umegeuka kuwa bima ya kontrakta. Sisi ndio tunalipa deni ambalo sheria ilishamwandikia yeye.

Kwa hivyo kama wewe, ama kaka yako, ama mzee wako anafanya mjengo, shika haya machache. Kibarua wa siku ni mfanyakazi. Sheria ya ajira inatambua mkataba wa mdomo, kwa hivyo usiambiwe ati huna haki kwa sababu hukuandikiwa barua. Weka jina la saiti, jina la kontrakta na namba ya foremani kwenye simu ya mtu wa nyumbani, si kwako peke yako. Meseji za M-Pesa za malipo usizifute, hizo ni ushahidi kwamba ulikuwa pale. Ukiumia, mjulishe mwajiri mara moja, na uwe na mtu aliyeona. Yeye ana siku 7 za kupeleka ripoti kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini. Asipopeleka, nendeni nyinyi wenyewe. Dai la fidia lina miezi 12, kwa hivyo msingoje mpaka matanga yaishe, mwaka uishe, na kontrakta ahamie saiti nyingine.

Na kama wewe ni wa kupostiana tu kama mimi, una kazi pia. Siku nyingine grupu ya mchango wa mtu wa mjengo ikifunguliwa, toa chako. Halafu kabla hujatoka, andika swali moja pale ndani, mbele ya watu wote: kontrakta alikuwa na bima gani, na nani amefuatilia?