Luano: Nchi ya Vichuguu

Hapa, kaskazini-mashariki ya Lubumbashi, uko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Tazama vichuguu: vingine vimepita paa la nyumba. Mchwa wamevijenga kwa karne nyingi. Watu wa vijijini huvichimba, hukanda udongo wake mzito, wakafyatua matofali na kuyachoma. Kichuguu kikiisha, hakirudi upesi. Miombo nayo inaishia kwenye magunia ya makaa ya kupikia bukari, yaani ugali. Chini ya miti iliyobaki, mvua zikianza, uyoga bado huchipuka.

Hapahapa Luano, kwenye uwanja wa ndege, tarehe 17 Januari 1961, walishushwa Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito, wamefungwa kamba. Waliuawa usiku uleule.